Tupeane uzoefu: Mtaalamu akikupa ushauri mwepesi, unaona umepigwa?

Wakuu, habari za muda huu. Juzi kati nilimsindikiza shemeji hospitali, mtoto anaharisha. Daktari akamtazama macho, akamfinya ngozi ya tumbo na kuiachia, akampa maji kwenye kikombe aone anayanywaje. Akaandika ORS na vidonge vya zinki vya siku 10, basi. Shemeji alinuna njia nzima: "Foleni yote ile nipewe chumvi na sukari? Hata dripu jamani?" Tukapitia duka la dawa, akaongeza sirapu mbili zenye majina marefu, roho ikatulia. Wakati kule kufinya ngozi ndiko kulikomwonyesha daktari kuwa mtoto hajaishiwa maji kiasi cha kuwekewa dripu. Nyie yamewakuta yapi? Tiririkeni.

Mzee wa Spana: Mimi fundi gari. Mteja anakuja, gari haiwaki. Nafungua boneti, vichwa vya betri vimeota ukungu mweupe. Namwagia maji ya moto, nasugua, nakaza, inawaka. Ukimwambia elfu kumi anakuona mwizi. Akienda kwa jirani akaambiwa kontroli boksi imekufa, anatoa laki tatu na asante juu. Siku hizi nailaza hadi jioni, kelele zimeisha.

Binti wa Shamba: Kwetu bwana shamba alikuja na kamba yenye mafundo. Mahindi sentimita 75 mstari hadi mstari, 30 shimo hadi shimo, mbegu moja moja. Wazee wakacheka, eti huyu kasomea kamba? Msimu huohuo wakachangishana kununua dawa ya kupulizia majani, maana muuzaji alikuja na projekta. Baba mkubwa mpaka leo anatupia mbegu nne shimo moja.

Kikohozi Sugu: Mnasifia wepesi tu. Mimi duka la dawa niliambiwa mafua hayo, kunywa tangawizi. Wiki ya tatu nikaenda kituo cha afya, wakapima makohozi: TB. Dawa miezi sita. Yule wa tangawizi hakuniuliza hata nimeanza kukohoa lini. Huyo daktari wa mtoa mada alifinya kwanza, ndipo akasema machache. Msiwaweke kapu moja.

Konda Mstaafu: Mzee wa Spana, kwa hiyo Noah yangu iliyolala kwako ulikuwa unasubiri jua lizame?