Yah: Pasipoti mpya, eVisa bado ya zamani, wakala anataka namba ya R

Mwana Tanga, Reading
Wanajamii, habari za jioni. Nimeingiza pasipoti mpya kwenye akaunti, lakini eVisa, yaani kibali changu cha mtandaoni cha kuishi Uingereza, bado inaonyesha ile iliyoisha. Wakala wa nyumba anataka namba ya R, ile ya kuthibitisha nina haki ya kupanga, kabla ya Ijumaa, la sivyo chumba anampa mwingine. ILR, ruhusa ya kuishi bila kikomo, ninayo tangu enzi za BRP, ile kadi ya ukaazi. Nikipiga simu najibiwa na mashine. Nani ana namba inayopokelewa na binadamu?

Mama Nasra, Leicester
Pole mwanangu. Hata mimi kazini namba yangu ilikataa, kumbe ikipita siku 30 inakufa. BRP ilikuwa kadi, unaitoa pochini, mtu anaiona, yameisha. Tangu zife tarehe 31 Desemba 2024 nalala na simu chini ya mto.

Chuma cha Pua, Slough
Shikamoo mama, lakini tusipotoshane. Ni siku 90. Za leseni ya udereva ndizo 21, na hizo ni za DVLA, wale wa leseni. Halafu kazini wanataka namba inayoanza na W, ya R ni ya nyumba.

Mama Nasra
Marahaba. Nani kasema niliwapa R? Soma kwanza. Mimi nalia na upweke. Tawi la benki mtaani limefungwa, dukani najipigia bidhaa mwenyewe, kwa daktari fomu ya intaneti. Wiki inakwisha sijasalimiana na mtu, halafu naambiwa mambo yamerahisishwa.

Wa Kakamega, Coventry
Mimi naona yamerahisishwa kweli. Kabla ya M-Pesa 2007, pesa za nyanya yangu zilienda na dereva wa basi, kwa bahasha, na bahasha ilifika imekonda. Siku hizi anapokea hata sijarudisha simu mfukoni. Shida ni vikundi vya harambee vya WhatsApp. Ukinyamaza unaulizwa, "Si tumekuona umesoma?"

Chuma cha Pua
Nyie Wakenya mna bahati. Sisi Watanzania Julai 2021 tulipigwa tozo ya miamala, bi mkubwa akasema pesa zirudi kwenye basi. Ikapunguzwa baada ya watu kupiga kelele. Na uraia pacha mnao tangu katiba ya 2010, sisi tunabembelezwa na hadhi maalumu badala ya uraia.

Wa Kakamega
Katiba si ya kuletewa kwa sahani, ndugu. Na eCitizen yetu, tovuti ya huduma za serikali, ilidukuliwa Julai 2023, nchi nzima ikakwama, kwa hivyo usituonee wivu sana.

Mwana Tanga
Jamani, namba ya simu?

Chuma cha Pua
Piga picha ya skrini umtumie wakala.

Wa Kakamega
Picha ya skrini haikubaliki! Nani anakufundisha?

Mama Nasra
Waache wagombane. Mwanangu, Tanga ya wapi, Ngamiani au Chumbageni? Marehemu kaka yangu alikuwa na duka Barabara ya Nane.