Kuchonga slaidi ya Glock 19 ya kubeba kila siku: nianze na lipi?

MuuzaSpea:
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la spea Barabara ya Kirinyaga na ninabeba bastola, Glock 19 kizazi cha nne, leseni iko sawa. Naivaa ndani ya suruali upande wa kulia, shati juu. Kuna kijana Industrial Area ana mashine ya kuchonga inayoendeshwa kwa kompyuta, vipuri vya magari anavitoa safi kabisa. Anasema atanitobolea madirisha kwenye slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola ikilia, ipungue uzito, aniwekee michirizo ya mbele ya kushikia, kisha achonge kikao cha saiti ya nukta nyekundu, kile kioo kidogo cha kulengea. Nataka iwe nyepesi na isijichore kwenye shati, maana kutwa nzima nainama na kuinuka nikitoa mali kwenye rafu. Nianze na lipi?

JiraniWaRuaraka:
Boss, huyo kijana amesajiliwa kutengeneza silaha? Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kurekebisha bunduki kama biashara bila kusajiliwa. Ukimwachia slaidi, yeye ameshika sehemu ya silaha bila kibali na wewe ndiye uliyempa. Tena Glock ina namba sehemu tatu: fremu, slaidi na mtutu. Mashine ikilamba namba ya slaidi utawaeleza nini Bodi ya Leseni za Silaha? Tangu ile Desemba 2018 sisi wenye leseni tulipopewa na serikali siku 90 tujitokeze kukaguliwa upya, mimi sichezi na namba hata moja.

ShabahaKiambu:
Ndugu yangu MuuzaSpea, Jirani amesema kweli, nami naongeza upande wa chuma chenyewe.

Umechanganya uzito na kuonekana. Bastola ikiwa ndani ya suruali, slaidi karibu yote iko chini ya mkanda, hakuna anayeiona. Kinachokusaliti ni mpini, ile kona ya chini inayosukuma shati ukiinama. Toboa slaidi mpaka iwe kama chujio, mpini utabaki pale pale. Dawa yake ni mkanda mgumu usiojikunja, na holsta (mfuko wa bastola) yenye kibawa kinachosukuma mpini uegemee tumbo. Ukishapata hivyo viwili, jaribu kuinamisha pembe ya holsta kidogo mbele, halafu piga magoti badala ya kuinama kiuno unapotoa mali rafu ya chini.

Kuhusu uzito: Glock 19 bila magazini ni kama gramu 600, na ikijaa risasi 15 inapita 800. Madirisha yatakutolea gramu chache tu, na zote utazitoa mahali zilipokuwa na kazi. Risasi ikitoka slaidi inarushwa nyuma, inatema ganda, inabana springi. Springi inairudisha, na njiani inazoa risasi nyingine kwenye magazini na kuiingiza chemba. Uzito ule na springi ile vilipimwa pamoja kiwandani. Ukiipunguza, slaidi inakimbia kuliko magazini inavyoweza kuinua risasi, na ikirudi mbele haina kishindo cha kutosha kuiingiza risasi kukiwa na uchafu. Wanaoshindana huchonga, ndiyo, lakini hubadilisha na springi, huchagua aina moja ya risasi na kuijaribu uwanjani kila wiki. Wewe unaibeba kwa siku moja unayoomba isifike kamwe.

Juzi tukiwa uwanja wa shabaha wa Kirigiti nilimsaidia mwenzetu kufungua yake yenye madirisha. Nyuzi za shati zilikuwa zimenasa kwenye dirisha la upande wa mwili, zimelowa mafuta na jasho, zikafanya utando wa kijivu juu ya mtutu. Kwenye ukingo uliokatwa kutu ilishaanza, kwa sababu ngozi ngumu ya kiwandani iliondoka na chuma kikaachwa uchi. Ni bastola ya mtu makini, anaisafisha. Iliniuma kuiona vile.

Michirizo ya mbele iache. Ya nyuma inatosha, na haikuzoeshi kupeleka vidole karibu na mdomo wa mtutu.

Nukta nyekundu ndiyo pekee ningelipia. Macho yakianza kuchoka, kuona saiti ya mbele na shabaha kwa pamoja kunakuwa kazi; nukta inakuacha utazame shabaha tu. Lakini chagua saiti kwanza, kikao baadaye: kikao cha saiti ya Trijicon RMR hakipokei saiti ya Shield RMSc. Na uweke saiti za chuma ndefu zaidi, zionekane kupitia kioo siku betri ikifa.

DadaWaNgong:
Mimi nabeba yenye nukta. Kioo kinashika vumbi na jasho kila siku, kwa hiyo kukifuta ni sehemu ya kuvaa asubuhi. Skrubu nazo hulegea. Chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye saiti. Mstari ukivunjika unajua imezunguka, hata kabla hujaigusa.

MuuzaSpea:
Asanteni sana wakuu. Madirisha nimeyafuta, na kijana nitamwambia kesho. Je, nikiagiza slaidi nyingine iliyokwisha chongwa kutoka Marekani, hii yangu nikaiacha nzima?

ShabahaKiambu:
Usiagize kwa posta hata kidogo. Kisheria sehemu ya silaha ni silaha, itakamatwa na wewe utaitwa. Nenda kwa muuzaji mwenye leseni, umweleze unachotaka. Glock wenyewe wanatoa za MOS, zenye kikao kutoka kiwandani, tangu 2015. Muulize kama kubadilisha bastola nzima kwa utaratibu wa Bodi si rahisi kuliko kuchonga yako. Akikubali kuchonga, nenda na cheti, aandike namba ya bastola kwenye risiti, na usiibebe mpaka uwe umeipeleka uwanjani na risasi zile zile unazobeba. Mkanda na holsta nunua wiki hii, hivyo havihitaji ruhusa ya mtu.