Signali za bure za foreksi: mnazipimaje?

Kutoka: Mdogo wenu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Naomba ushauri kabla sijaharibu. Kuna kaka mmoja, naye anaishi huku ugenini kama sisi, ameniingiza kwenye chaneli ya Telegram inayotoa signali za foreksi, yaani ujumbe wa kukuambia lini ununue au uuze dhahabu na sarafu za kigeni, bure kabisa. Hawadai ada. Sharti lao ni moja tu: ufungue akaunti kwa broka, kampuni inayokupitishia biashara sokoni, kupitia linki yao na uweke angalau dola 200. Nimeshaweka. Wanasema wanapatia asilimia 85, na kila jioni wanabandika picha za faida. Mwenye chaneli anaongea Kiswahili kizuri, anajibu maswali, hana majivuno.

Mimi nafanya kazi za zamu, muda wa kukaa na chati sina. Mtu anajuaje kama watu hawa ni wa kweli?

Kutoka: Mzee wa Daftari

Marahaba mdogo wangu.

Hilo la ukweli au utapeli liweke kando kwanza. Nilikaa wiki sita kwenye chaneli ya aina hiyo, na mpaka leo sijui kama yule bwana alikuwa tapeli. Huenda anaiamini kazi yake kwa moyo wote. Ninachokijua ni hesabu yake, kwa sababu niliiandika.

Signali zake karibu zote zilikuwa na umbo hili:

NUNUA DHAHABU 1932
TP1 1935
TP2 1940
TP3 1960
SL 1920

Itazame vizuri. TP1, lengo la kwanza la faida, iko dola 3 juu. SL, mahali unapokubali kuwa umekosea na kutoka, iko dola 12 chini. Bei ikigusa 1935 hata kwa sekunde moja, chaneli inapiga tarumbeta: “TP1 tayari, pipsi 300!” Hata kama baada ya hapo bei itaporomoka hadi 1920 na kumkomba kila aliyekuwa anangoja TP2, kwao hiyo imeshaandikwa kuwa ushindi. Na hizo pipsi 300 ni dola 3 zilezile, wamehesabu kila senti moja ya bei ya dhahabu kuwa pipsi, kile kipimo kidogo cha mwendo wa bei. Loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara; ukifungua loti 0.01, ambayo kwa dhahabu ni aunsi moja, umepata dola 3. Tarumbeta yote ile!

Sasa piga hesabu. Ukishinda unapata 3, ukishindwa unapoteza 12. Ili usipate wala usipoteze, lazima ushinde mara nne kwa kila mara moja unayoshindwa, yaani asilimia 80. Asilimia 85 ya kwao inasikika kama maajabu, kumbe ipo hatua chache tu juu ya sifuri.

Na haikuwa 85. Kila signali ilipotoka nilijitumia nakala yake palepale mwenyewe, halafu nikaandika kwenye daftari saa niliyoiona na bei niliyoikuta. Wiki sita zilipoisha daftari langu lilikuwa na signali 54. Taarifa yao ya kujisifu ilikuwa na 48: ushindi 41, hasara 7. Zile sita nyingine nilizitafuta kwenye chaneli sikuziona. Zimefutwa, na Telegram haiachi kovu mahali ujumbe ulipofutwa. Zote sita zilikuwa za hasara.

Kwa aunsi moja: ushindi 41 mara dola 3 ni 123. Hasara 13 mara dola 12 ni 156. Tayari uko chini kwa dola 33, na hapo sijatoa spredi, ile tofauti ya bei ya kununua na kuuza ambayo kwangu ilikuwa kama senti 30 kila mara. Mara 54, ni dola 16 na ushee. Kwa hesabu yao ya signali 48 ungebaki na faida kidogo. Zile sita zilizofutwa ndizo zilizoila.

Hapo nimejipendelea, nimehesabu kana kwamba kila mara niliingia kwa 1932. Wewe uko zamu, simu iko kwenye kabati, unaisoma signali dakika 40 baadaye bei ikiwa 1934. Kwako TP1 imebaki dola moja, na SL imekuwa dola 14. Signali ileile, biashara nyingine kabisa.

Kuhusu “bure”: muulize nani anamlipa. Ile linki ina namba yake. Broka humlipa kwa kila mteja aliyeweka fedha, au kwa kila loti mteja anayofungua, ushinde ushindwe. Ipo pia mikataba ambayo mleta wateja hupewa fungu la kile wateja wanachopoteza. Sisemi wako ana mkataba huo. Nasema mtu anayelipwa kwa loti ana sababu ya kukutumia signali nane kwa siku hata siku ambayo soko halina lolote.

Kutoka: Dada wa Zamu ya Usiku

Kaka, samahani, tusiwatie watu wote kapu moja. Mimi nina miezi mitatu kwenye chaneli nyingine, na salio langu limetoka 500 hadi 640. Nimeliona kwa macho yangu kwenye simu yangu, siyo picha ya mtu.

Kutoka: Mzee wa Daftari

Dada, nakuamini. Nina ombi moja. Fungua programu yako, penye ukurasa wa biashara zilizo wazi. Juu pana Balance, hilo ndilo salio. Chini yake pana Equity. Namba hiyo ya pili ni kiasi gani?

Kutoka: Dada wa Zamu ya Usiku

391. Nilidhani ni kitu cha broka.

Na kuna biashara saba ziko wazi, zote za kuuza, zote nyekundu. Admini alisema tusizifunge, zitarudi.

Kutoka: Mzee wa Daftari

Pole sana dada. Salio huhesabu biashara zilizofungwa tu. Ekwiti huhesabu na zile zinazovuja damu. Ukifunga zote sasa hivi, unabaki na 391, siyo 640. Njia yao ni hii: zenye faida wanafunga haraka, zenye hasara wanaziacha wazi, kwa hiyo salio linapanda kila siku kama ngazi.

Angalia na ukubwa wa loti. Kama zinaongezeka 0.01, 0.02, 0.04, 0.08, hiyo ni kurudufisha dau kila unapopigwa. Ya saba inakuwa 0.64, mara 64 ya uliyoanza nayo. Mtindo huo hushinda siku nyingi sana, halafu siku moja unaondoka na akaunti nzima. Wakikuonyesha rekodi yao kwenye tovuti za kuhakiki akaunti, usiangalie mstari wa salio peke yake. Tafuta mstari wa ekwiti, halafu angalia kama pameandikwa demo, yaani akaunti ya majaribio isiyo na fedha za kweli, au akaunti halisi. Mstari wa ekwiti ukiwa umefichwa, nafunga ukurasa.

Kutoka: Mkaguzi

Wapendwa, mimi kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, foreksi sichezi. Naongezea upande wa karatasi.

Mdogo wetu, akaunti uliyofungua ina levereji ya ngapi? Yaani broka anakuruhusu kushika biashara kubwa mara ngapi kuliko fedha yako? Na je, walikupa bonasi ulipoweka zile 200?

Nina sababu ya kuuliza. Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, iliwawekea wateja wa kawaida mipaka: 1:30 kwa jozi kubwa za sarafu, 1:20 kwa dhahabu, na bonasi za kuvutia wateja zikapigwa marufuku. Wakati huo ilieleza kuwa akaunti 74 hadi 89 kati ya kila 100 za wateja wa kawaida hupoteza fedha. Mwaka 2019 FCA, mamlaka ya masoko ya fedha ya Uingereza, ikaziweka sheria za namna hiyo ziwe za kudumu. Marekani ukomo ni 1:50 kwa sarafu kubwa. Kwa hiyo ukiwa unaishi Uingereza au Ulaya, halafu akaunti yako ina 1:500 na bonasi, hauko chini ya ulinzi wa huko unakoishi, hata kama nembo ya broka ina jina lililosajiliwa.

Hapo ndipo wengi huteleza. Jina moja la broka linaweza kuwa na kampuni nne au tano nyuma yake. Moja ina leseni ya Uingereza, nyingine imesajiliwa kisiwani ambako ukidhulumiwa utajua hujui. Linki za wenye chaneli mara nyingi hupeleka watu kwenye ile ya kisiwani. Fungua mkataba wako, soma chini kabisa jina kamili la kampuni, kisha ulitafute lenyewe: Uingereza kwenye rejista ya FCA, Marekani kwenye ukurasa wa BASIC wa NFA, Ujerumani kwa BaFin, hao ndio wasimamizi wa huko. Linganisha hadi anwani ya tovuti, maana wapo wanaoazima namba ya leseni ya kampuni nyingine.

Mwenye chaneli naye ana ya kujibu. Mei 2024 FCA iliwafungulia mashtaka watu tisa kuhusiana na mpango wa foreksi ulionadiwa Instagram bila kibali. Kusema “huu siyo ushauri wa kifedha” mwishoni mwa ujumbe hakuwi kibali.

Na hili la Kiswahili kizuri, mdogo wangu, nalisema kwa upendo. Ugenini ukisikia lugha yako unalegea. Mtu wa kabila lolote lingine angekuomba dola 200 kwa linki, ungemuuliza maswali ishirini. Huyu ulimuuliza mangapi?

Kutoka: Mzee wa Daftari

Mkaguzi umenikumbusha jambo. Ukiingizwa kwenye chaneli mpya kabisa yenye “signali tano sahihi mfululizo”, usishangae. Mtu anafungua chaneli 32. Siku ya kwanza 16 anaziambia nunua, 16 uza. Zilizokosea anazifuta. Zinabaki 16, kisha 8, 4, 2, na siku ya tano imebaki moja ambayo haijakosea hata mara moja, na bwana huyo hajui chochote kuhusu dhahabu. Wewe unaiona hiyo moja tu.

Kutoka: Dada wa Zamu ya Usiku

Nimefunga zote saba. Nimebaki na 388. Mume wangu bado sijamwambia, kwa hiyo asiniandikie mtu kwa namba ya nyumbani tafadhali.

Kutoka: Mdogo wenu

Asanteni sana wakubwa zangu. Maswali ya Mkaguzi: levereji ni 1:500. Bonasi ndiyo, walinipa dola 100 juu ya zile 200. Nimesoma masharti leo kwa mara ya kwanza. Yanasema bonasi ikishatumika, siwezi kutoa hata fedha yangu mpaka nifungue loti 10. Kwa loti 0.01 hizo ni biashara 1,000.

Jina la kampuni lililoko kwenye mkataba halimo kwenye rejista ya huku. Jina linalofanana nalo limo, ila tovuti ni nyingine.

Bonasi sijaigusa. Nimewaandikia waiondoe, nikapiga picha ya ukurasa wenye tarehe, nikaomba kutoa 200 zote kurudi kwenye kadi ileile niliyolipia. Ilikuwa saa tano asubuhi. Saa saba mwenye chaneli akanipigia mwenyewe, mpole vilevile, akaniuliza kwa nini naondoka wiki hii ambayo kuna signali kubwa ya dhahabu. Sikuwa nimemwambia kama naondoka.

Ombi langu bado limeandikwa “linashughulikiwa”. Likifika siku tatu bila jibu nitaipigia benki kuhusu kadi. Nitawajulisha.