Tupeane uzoefu: alama za wahakiki zilikuambia nini, na mikono yako ikakuambia nini?

Bundi wa Saa Tisa
Wakuu, salaam. Jana usiku nilikuwa nasoma wahakiki wanasemaje kuhusu gemu mpya ninayoitamani, nikakutana na kamstari kamewekwa pembeni: kwenye kompyuta tuliyoijaribia ilikwenda bila shida. Moyo ukanidunda. Kamstari kama hako niliwahi kukaruka, nikajuta.

Gemu yenyewe siitaji. Nilikuwa nimeomba likizo ya siku nne kwa ajili yake. Sifa zilikuwa kila mahali, alama juu ya alama. Siku ya kwanza picha zinakatikakatika, nikavumilia. Siku ya pili sauti za watu zikawa zinachelewa nyuma ya midomo yao, nikavumilia. Siku ya tatu, nikiwa na saa thelathini na kitu ndani, nimetoka kumaliza ile sehemu ndefu ya kumsaka msaliti, ikaganda. Nikazima, nikawasha. Faili langu halikuwepo. Si kwamba limeharibika, halikuwepo kabisa, kama vile sijawahi kucheza. Mke wangu aliingia akanikuta nimekaa sakafuni, akauliza nani amefariki.

Mnaikumbuka Cyberpunk 2077. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na uhakiki uliotangulia ulifanyika kwenye kompyuta. Wenye mashine za gemu za PS4 na Xbox One walipoifungua waliona mambo mengine kabisa, na siku saba baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka lao. Walioisifu hawakudanganya. Walicheza gemu nyingine yenye jina lile lile.

Basi tupeane uzoefu. Nani aliamini alama akaumia? Nani alizipuuza akaokota dhahabu?

Kidole Gumba
Hiyo ya faili kupotea naielewa mno. Pole mkuu.

Jemedari wa Vumbi
Mimi nasema kila mara: usiguse kitu chochote mwaka wa kwanza. Hiyo hiyo Cyberpunk, toleo la 2.0 la Septemba 2023 lilibadilisha mfumo wa ujuzi, polisi, mapigano, kisha ikaja nyongeza yake, Phantom Liberty. Aliyesubiri alipata gemu nzuri. No Man's Sky ya 2016 ilitukanwa hadi basi, walioitengeneza wakanyamaza wakafanya kazi, mwaka 2024 maoni ya wachezaji kwenye Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, yakageuka kuwa mazuri sana kwa jumla. Miaka minane! Subira.

Nusu Moyo
Jemedari, subira yako ina gharama usiyoitaja. Concord ilitoka tarehe 23 Agosti 2024, ikazimwa tarehe 6 Septemba. Wiki mbili. Aliyesema "nitaicheza ikishapoa" hakuwahi kuiona, hata akipenda. Magemu ya mtandaoni hayasubiriwi.

Jemedari wa Vumbi
Na aliyesubiri amepoteza nini hapo?

Nusu Moyo
Nafasi ya kuamua mwenyewe. Kwangu hilo si dogo.

Msoma Maelezo
Wangu ni wa upande wa pili, alama zilikuwa sahihi nami nikakataa kusikia. Clair Obscur: Expedition 33, Aprili 2025, studio ya Ufaransa ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Kila mhakiki anaipa tisa, kumi. Mimi nikasoma neno "zamu kwa zamu" nikafunga ukurasa. Nilishachoka na mapigano ya kupanga foleni: wewe piga, halafu naye apige, mpaka mtu asinzie.

Miezi ikapita. Rafiki yangu akanikalisha, akanipa padi ya kuchezea bila kusema kitu. Kumbe adui anapopiga unaweza kumkwepa au kumzuia kwa kubonyeza sekunde ile ile, ukiipatia unamrudishia. Viganja vilikuwa vimelowa jasho. Halafu hadithi yenyewe: kuna Mchoraji anaamka mara moja kwa mwaka, anaandika namba, na kila mwenye umri huo anageuka vumbi na maua. Mwanzo kabisa unamsindikiza mtu bandarini ukijua saa yake imefika. Mimi si mtu wa machozi, ila pale niliweka padi chini kwanza.

Mwaka huo huo ikachukua tuzo ya gemu bora kwenye The Game Awards. Walionisihi walikuwa na haki. Neno moja ndilo lililonipotezea miezi.

Sauti ya Pili
Neno moja linatosha kweli. Mimi nilimkatalia mdogo wangu Baldur's Gate 3 kwa sababu ya "kurusha dadu". Sasa nina saa mia mbili na kumi.

Taa ya Mkononi
Naomba tuzungumzie Silksong, maana pale ndipo nilipojua uhakiki unahitaji muda. Watu tulisubiri tangu 2019. Ikatoka tarehe 4 Septemba 2025, na wahakiki hawakupewa nakala mapema. Mhakiki, mimi na wewe tulianza siku moja. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo hakukuwa na wa kukutangulia kukuambia shimo liko wapi. Kila mtu alikuwa anapiga kelele kutoka shimo lake.

Ile wiki naiheshimu. Ila niseme ukweli: ni ngumu kupita kiasi. Maadui wengi, tena hata wa kawaida, wanakutoa uhai mara mbili kwa pigo moja. Una maski tano, ndizo uhai wako, mapigo matatu umekwisha. Unarudi mbali, unatembea upya, unakufa upya.

Jemedari wa Vumbi
Si ngumu kupita kiasi. Watu hawataki kujifunza.

Taa ya Mkononi
Sasisho la kwanza kabisa walipunguza makali ya mabosi, yaani maadui wakubwa, wawili wa mwanzo, Moorwing na Sister Splinter. Walioitengeneza wenyewe. Nao hawataki kujifunza?

Jemedari wa Vumbi
Nilimpiga Moorwing kabla ya sasisho.

Nusu Moyo
Hongera. Hukuulizwa hilo.

Msoma Maelezo
Msisahau jambo jingine la Silksong. Kwa wachezaji wa Kichina maoni kwenye Steam yaliporomoka, na lawama kubwa ilikuwa tafsiri. Waliona lugha iliyowekwa ni ya kizamani na nzito, haifanani na roho ya gemu. Gemu ile ile, bosi yule yule, hukumu mbili. Mtu anayesoma mazungumzo ya gemu kwa lugha yake ya tatu anaelewa walichokuwa wanalilia. Mhakiki anayesoma kwa lugha ya mama yake hilo haliwezi hata kumpitia kichwani.

Mkia wa Mjusi
Wahakiki wote wamenunuliwa. Mwisho wa mada.

Bundi wa Saa Tisa
Mkuu, hapa tunaleta yaliyotupata. Lako ni lipi?

Mkia wa Mjusi
Dragon's Dogma 2, Machi 2024. Uhakiki umejaa sifa, siku ya kutoka watu wanakuta orodha ya vitu vya kununua kwa pesa halisi ambayo hawakuisoma popote. Unaniambia hawakujua?

Msoma Maelezo
Ndiyo, inawezekana kabisa hawakujua. Vitu hivyo vilionekana dukani gemu ilipotoka, na mhakiki alicheza kabla. Kosa ni la aliyeficha. Ukimtuhumu mtu kwamba kanunuliwa, lete ushahidi, maana hilo ni jina la mtu na kazi yake.

Binti Kimya
Naandika hapa mara chache, lakini mmenigusa kuhusu ugumu, na leo nataka kulisema hili.

Baba yangu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukawa mzito, wa kushoto ukabaki sawa. Yeye ndiye aliyenifundisha kucheza nikiwa mdogo, ananikalisha kwenye mapaja, ananishikia padi. Mtaalamu wa mazoezi alituambia tumpe vidole kazi, kitu chochote anachokipenda. Nikasema nitampa kilicho bora kuliko vyote. Nikafanya tunavyofanya sote: nikapanga magemu kwa alama, kutoka juu kushuka chini. Elden Ring, tisini na sita kwa mia. Nikaichukua.

Wanaoijua wanajua. Unatoka pangoni, dunia inafunguka mbele yako, nuru, ule mti mkubwa wa dhahabu. Baba akasema, "Lo!" Alikuwa hajasema hivyo tangu hospitali. Halafu hatua chache mbele anazunguka yule mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu. Nikamwambia baba ampishe. Hakupisha, maisha yake yote hajawahi kupisha.

Akauawa. Akarudi. Akauawa. Mimi nahesabu kimya kimya. Kidole cha kulia kilitakiwa kupiga na kukwepa, na hakikufika kwa wakati, kilikuwa kinafika kwenye kitufe wakati silaha ya adui imeshashuka. Mara ya kumi na moja akaiweka padi mapajani, akaitazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, chukua. Hii ni ya wenye mikono."

Wiki mbili hakugusa kitu. Si gemu tu. Hata ule mpira wa kuminya aliukataa. Mama akawa ananitazama, hasemi. Ndugu zangu, zile wiki mbili ni mbaya kuliko za hospitali, kwa sababu za hospitali sikuzisababisha mimi.

Siilaumu gemu. Ni nzuri mno, nimeimaliza mwenyewe. Ila ile tisini na sita ilikuwa jibu la swali ambalo mimi sikuwa nauliza.

Kidole Gumba
Nimesoma mara mbili. Pole sana dada.

Sauti ya Pili
Mzee anaendeleaje sasa? Usituache hapo.

Jemedari wa Vumbi
Pole dada, nasema kwa dhati. Lakini tusije tukaigeuza hii kuwa hoja kwamba kila gemu iwe rahisi. Elden Ring haina sehemu ya kuchagua ugumu, na ndiyo roho yake.

Nusu Moyo
Amesema mwenyewe hailaumu! Soma kabla ya kujibu. Na kwa taarifa yako, The Last of Us Part II ya 2020 ilitoka na mipangilio zaidi ya sitini kwa ajili ya wenye shida ya macho, masikio na viungo, na hakuna aliyelazimishwa kuiwasha. Celeste ya 2018 ni ngumu ajabu, na bado imeweka njia ya msaada: unapunguza kasi, unaongeza nguvu, unaendelea kupanda mlima wako. Roho ya gemu haikutoka.

Jemedari wa Vumbi
Celeste nakubali.

Taa ya Mkononi
Jemedari amekubali kitu, tuandike tarehe.

Bundi wa Saa Tisa
Ninachokiona ni kwamba uhakiki ungeniambia vitu viwili tu vya ziada, mimi na dada tungepona: ulicheza kwenye mashine gani, na vidole vilihitaji kufanya nini. Aya mbili. Badala yake namba ndiyo inawekwa kwa herufi kubwa.

Mkia wa Mjusi
Ndiyo maana mimi sisomi kabisa. Natazama mtu anayecheza bila kuongea kwa dakika ishirini.

Msoma Maelezo
Mimi nasoma waliotoa saba. Wa kumi amependa, wa tatu amekasirika, wa saba anakueleza. Tena nachagua mhakiki mmoja ninayepingana naye sikuzote, namsoma yeye kwanza. Akichukia, naingia.

Kidole Gumba
Kwenye Steam ukicheza chini ya saa mbili, na hazijapita siku 14, unaweza kuomba pesa yako irudi. Huo ndio uhakiki wangu.

Jemedari wa Vumbi
Saa mbili kwenye gemu ya saa mia? Unahukumu nyumba kwa kitasa.

Sauti ya Pili
Dada Binti Kimya, tunasubiri.

Binti Kimya
Samahani, nilikuwa namlaza mama.

Mdogo wangu ndiye aliyetuokoa, tena bila kusoma uhakiki wowote. Alikuja na Balatro kwenye tableti, akakaa pembeni ya baba, akaanza kucheza mwenyewe. Ni karata. Unatengeneza jozi, mfululizo, karata tano za aina moja, unapata pointi, unanunua jokari, kila jokari anabadilisha hesabu kwa namna yake. Hakuna saa inayohesabu. Ukitaka kufikiri hadi kesho, inakungoja. Baba akawa anachungulia. Mara akasema, "Si hiyo, tupa hiyo uru." Akanyoosha mkono wa kushoto akaitupa mwenyewe.

Tangu hapo ni yeye. Na siku moja nilimkuta anabonyeza kwa kidole cha kulia, polepole, kwa sababu hapakuwa na wa kumharakisha. Sikumwambia kwamba nimeona.

Msoma Maelezo
Na hiyo Balatro, kwa sehemu kubwa, imetengenezwa na mtu mmoja. PEGI, wanaopanga umri wa wachezaji Ulaya, waliipa 18, eti kwa sababu inafanana na poka, ingawa hakuna senti unayocheza kamari ndani yake. Mwaka 2025, baada ya rufaa, wakaishusha hadi 12. Hata wenye mihuri wanarudi nyuma.

Nusu Moyo
Mzee amefika wapi?

Binti Kimya
Hatua ya nane ndiyo ya ushindi, hajawahi kuifika. Sasa hivi yuko ya saba. Amejenga kila kitu juu ya kopa, jokari zote zinategemea kopa, na bosi anayefuata anazima kopa zote.

Jemedari wa Vumbi
Auze jokari mmoja wa kopa sasa hivi, anunue wa jozi.

Taa ya Mkononi
Asiuze kitu! Apite kwa jozi na tatu za aina moja, raundi moja tu, kisha kopa zinarudi.

Kidole Gumba
Abadilishe karata chache ziwe shupaza kabla ya kuingia.

Mkia wa Mjusi
Mwambie mzee tuko naye.

Binti Kimya
Nimemwambia mko naye, amefurahi. Nilipotaka kumsomea mlivyoshauri, akaninyooshea kiganja ninyamaze. Bado anaitazama.