Tuambieni kwanza, ndipo mtuambie tusiogope

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ingawa nitajitahidi kila ninachokisema kiwe kitu ambacho mtu anaweza kukihakiki, sitaificha hasira yenyewe. Tumo katika wiki ya pili ya Machi 2025. Ebola imo Kampala tangu mwishoni mwa Januari, na bado njia ya haraka ya mkazi wa mji huu kujua kinachoendelea ni kumuuliza dereva wa takisi.

Kwa walio nje ya Uganda, nieleze mambo yalivyokwenda. Muuguzi wa miaka 32 aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya taifa ya Mulago alifariki tarehe 29 Januari, na kesho yake Wizara ya Afya ikatangaza kwamba aliuawa na Ebola inayosababishwa na kirusi cha Sudan, aina ile ile iliyotuvamia mwaka 2022 na ambayo hadi leo haina chanjo iliyoidhinishwa. Kabla ya kufa alikuwa amepita katika vituo kadhaa vya matibabu, akafika hadi Mbale, na hata kwa mganga wa kienyeji. Hapo siilaumu serikali. Tangazo lilitoka bila kuchelewa, na tarehe 3 Februari, siku nne tu baadaye, majaribio ya chanjo yakaanza kwa watu waliokuwa wamekutana na wagonjwa, kwa kasi ambayo Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema haijawahi kuonekana. Niliposikia hayo nilijivuna kuwa Mganda, na sioni aibu kuyaandika.

Tarehe 18 Februari wagonjwa wanane waliopona wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Kila mtu akaanza kupumua, na mabasi yakaanza kujaa tena. Wakati huo, bila sisi kujua, mama mmoja alikuwa ameshafariki tarehe 6 Februari muda mfupi baada ya kujifungua, kichanga chake kikamfuata tarehe 12, na wote wawili wakazikwa bila kupimwa. Mtoto wake mwingine, wa miaka minne na nusu, akafia Mulago Jumanne ya tarehe 25 Februari, na huyo ndiye aliyepimwa akakutwa na kirusi.

Sasa sikilizeni. Habari ya mtoto yule ilinifikia usiku wa Jumamosi, tarehe 1 Machi, na haikutoka katika kinywa cha waziri. Niliisoma katika ujumbe wa ofisi ya Shirika la Afya Duniani hapa nchini, uliowekwa kwenye mtandao wa X, ukisema kwamba wizara ndiyo iliyowaarifu wao. Kutoka Jumanne hadi Jumamosi ni siku nne. Siku nne zilizotosha kutoa chanjo kwenye majokofu, kuandaa majaribio na kumchanja mtu wa kwanza hazikutosha kuwaambia wananchi kwamba ugonjwa tuliodhani unaondoka umeua mtoto katikati ya mji mkuu. Ninajua kwamba kipimo kina muda wake na kwamba tangazo la kukurupuka lina hatari zake. Lakini matokeo yalipokuwa tayari, kwa nini wageni wayajue kabla yetu, nasi tuyasikie kwao? Na kwa nini kwenye X, mtandao ambao abiria wangu wengi hawajawahi kuufungua, katika nchi ambayo Facebook imefungwa tangu uchaguzi wa Januari 2021?

Mimi ni karani wa tiketi katika kituo kimoja cha mabasi hapa Kampala. Kazi yangu inanikutanisha na watu wa kila upande: wafanyabiashara wa Kongo wanaoshukia hapa na mizigo ya vitenge, madereva wa Kenya, wanafunzi wa Mbale na Soroti, kina mama wa Busia wanaokuja kununua bidhaa alfajiri na kurudi jioni. Wiki ile ya kimya, kabla ya tarehe 1 Machi, uvumi ulikuwa umeshatutangulia. Palisemwa kwamba kuna mtoto amekufa Mulago, na hilo lilikuwa kweli. Palisemwa pia kwamba basi zima limezuiwa Jinja na abiria wote kupelekwa karantini, kwamba muuguzi yule alirogwa na wenzake, kwamba chanjo ndiyo inayoleta ugonjwa, na kwamba ukinywa maji ya chumvi asubuhi kirusi hakikugusi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na ndiyo hatari yenyewe: likithibitika moja kati ya matano, watu wanayaamini yote matano. Baada ya tangazo la Jumamosi nilikuwa na kibarua kigumu cha kuwashawishi wenzangu kwamba maji ya chumvi si dawa, kwa sababu kila mmoja alinijibu kwa swali lile lile: kama walituficha mtoto, watashindwaje kutuficha dawa?

Hofu hiyo haikuletwa na ujinga wa watu, kama viongozi wanavyopenda kutuhubiria redioni. Mama mmoja wa Busia aliniuliza ikiwa ni salama kukaa basini karibu na mtu anayekohoa, na ningekuwa nimeelezwa vizuri na mtu anayestahili kunieleza, ningemjibu kwa sekunde kumi: Ebola haienei kwa hewa, inaenea kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa mwenye dalili au maiti yake, na aliyeambukizwa huweza kukaa kati ya siku 2 na siku 21 kabla ya kuugua. Hayo niliyatafuta mwenyewe. Kituoni kwetu limebandikwa bango moja, tena la Kiingereza, juu ya jerikeni la kunawia ambalo mara nyingi halina maji. Katiba ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Maaskari wetu wanatuamrisha kwa Kiswahili. Inapofika zamu ya kutuokoa, lugha hiyo inasahauliwa, na Mkongomani aliyeketi juu ya mzigo wake chini ya bango lile anabaki akitazama picha ya popo.

Wapo watakaosema kwamba serikali inanyamaza ili kuzuia taharuki. Hoja hiyo naijua, na nimechoka nayo, kwa sababu tumeshaiona ikijaribiwa. Septemba 2022, kabla Ebola haijatangazwa wilayani Mubende tarehe 20, watu wa Madudu, kata ya wilaya hiyo, walikuwa wameshazika ndugu kadhaa waliokufa vifo visivyoeleweka, na wengine wakawa wanatafuta mchawi. Rais akalihutubia taifa akisema hakutakuwa na kufungiwa, kwa kuwa Ebola si Korona. Tarehe 15 Oktoba Mubende na Kassanda zikafungwa kwa siku 21. Zikaongezwa 21. Zikaongezwa tena 21, hadi tarehe 17 Desemba. Sisemi kwamba uamuzi wa kufunga ulikuwa mbaya. Wataalamu wataujadili wao. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeahidiwa leo kuwa hatafungiwa, kisha akafungiwa kesho bila kuelezwa ni kitu gani kilichobadilika, mara nyingine akisikia dalili ya ugonjwa atafunga virago usiku na kukimbilia kwa shangazi yake Kampala. Na hicho ndicho kirusi kinachokitaka. Mlipuko ule uliisha Januari 2023 ukiwa na wagonjwa 142 waliothibitishwa, na 55 kati yao walikufa. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na saba wakafariki, akiwemo daktari kijana wa Tanzania aliyekuja kwetu kusomea upasuaji. Madaktari wanafunzi walikuwa wamelalamika mapema kwamba hawana vifaa vya kujikinga.

Kuhusu Korona sitasema mengi, maana kila mmoja ana kidonda chake. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Usafiri ulipigwa marufuku, na ikawa mgonjwa hapelekwi hospitali mpaka familia yake imtafute RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, atoe kibali. Tuliobahatika kupata msaada mjini tulipewa kilo sita za unga wa posho na kilo tatu za maharage kwa kila mtu, na wengine walipewa viboko na LDU, askari wa ulinzi wa mitaa. Serikali ikishangaa leo kwa nini mtu anaficha homa yake, ianze kujiuliza hapo.

Mtaani kwetu kuna familia iliyokaa karantini mwezi uliopita kwa kuwa mmoja wao alikutana na mgonjwa. Wote walitoka wazima. Mama wa nyumba hiyo hupika chapati na maharage ya kuuza barabarani, na kwa majuma yote aliyofungiwa hakuuza hata moja, wala hakuna aliyemfidia. Aliporudi, mwenye nyumba alikuwa amebadilisha kufuli akidai kodi na akidai pia kwamba wapangaji wengine wanaogopa. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, aliingilia kati, tunamshukuru, lakini alifanya hivyo kwa huruma yake binafsi, bila waraka wowote mkononi unaoeleza kwamba mtu aliyemaliza siku 21 bila dalili hana cha kumwambukiza mwenzake. Mwezi Februari watu waliowekwa karantini katika Kampala, Jinja na Mbale walifikia 265. Kila mmoja wao ana majirani wanaotazama anavyotendewa, na majirani hao wakiitwa kesho na wafuatiliaji wa watu waliokutana na wagonjwa watakumbuka lile kufuli.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii si nchi isiyojua virusi. Taasisi ya utafiti ya Entebbe ipo tangu mwaka 1936. Hapo ndipo Zika ilipogunduliwa mwaka 1947, kutoka kwa kima aliyewekwa na watafiti katika msitu ulio jirani. Mlipuko wa Ebola ulioanzia Gulu mwaka 2000 ulikuwa na wagonjwa 425, wakafa 224, na hata hivyo simulizi ya Gulu inatufunza kitu. Daktari Matthew Lukwiya aliitwa kutoka masomoni Kampala, akasoma mafaili ya wagonjwa wa hospitali ya Lacor, akatambua kuwa mbele yake kuna homa ya kutoka damu, akaiambia serikali na akawaambia wafanyakazi wake waziwazi hatari iliyowakabili. Alikufa kwa ugonjwa huo Desemba mwaka ule ule. Vijijini nako wazee wa Kiacholi walikuwa na kanuni zao za kale za gemo, yaani za ugonjwa wa mlipuko unaoua wengi: mgonjwa hutengwa mbali na wengine, nyumba yake huwekewa alama, aliyewahi kuugua akapona ndiye anayemhudumia, na watu huacha ngoma na safari. Hakuna aliyewachapa viboko ili wafuate. Walijua kinachowaua, wakajipanga.

Nikiri upande wa pili pia, maana sitaki uzi huu uwe wa upande mmoja tu. Wizara imekutwa na balaa hili katika majira mabaya. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje tarehe 20 Januari na siku hiyo hiyo ikatangaza kujitoa katika Shirika la Afya Duniani. Mwezi uliopita Elon Musk alisimama mbele ya baraza la mawaziri la Marekani akasema kwamba walifuta kwa bahati mbaya fedha za kuzuia Ebola, kisha wakazirudisha mara moja, akicheka. Waliokuwa wakizifanyia kazi fedha hizo wakasema hazikurudi kama alivyodai. Kwa hiyo naelewa kwamba huenda magari hayana mafuta na wafuatiliaji hawajalipwa. Lakini kusema ukweli hakuhitaji wafadhili. Ujumbe mfupi wa simu haungoji ndege kutoka Washington. Serikali hii ilijua namna ya kuzifikia simu zetu zote ilipotaka kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku.

Hadi tarehe 5 Machi hesabu iliyotolewa ni wagonjwa 14: 12 waliothibitishwa na wawili wanaodhaniwa, ambao ni yule mama na kichanga chake. Wanne wamekufa. Ni idadi ndogo, na ndiyo maana nasema huu ndio wakati wa kuongea. Ninataka taarifa ya kila siku, saa ile ile, hata siku ambayo jibu ni kwamba hakuna mgonjwa mpya. Ninataka itaje eneo, bila kumtaja mgonjwa, kwa sababu kuambiwa «Kampala» hakumsaidii mtu anayeishi Kampala. Isomwe katika redio kwa Kiluganda, Kiswahili, Lumasaba, Lusoga na lugha nyingine za njia ambayo ugonjwa umepitia. Kila kifo cha ghafla cha mama mjamzito au aliyejifungua katika wilaya hizi kipimwe kabla ya maziko, na familia ielezwe sababu kwa heshima, si kwa bunduki. Anayewekwa karantini alishwe yeye na wanaomtegemea, na akitoka apewe barua ya kumwonyesha mwenye nyumba.

Jambo la mwisho linanihusu mimi na wenzangu wa mabasi. Ninalo daftari la abiria wa njia ya mashariki tangu mwanzoni mwa Januari: majina, namba za simu, tarehe na namba ya kiti. Wenzangu wa njia nyingine wanayo ya kwao. Hakuna mtu yeyote aliyekuja kuyatazama, na hatujaambiwa tuyatunze kwa muda gani wala tumpigie nani abiria akitapika njiani. Kwa desturi daftari likijaa hutupwa, na langu limebakiza kurasa chache. Kama yupo humu anayefanya kazi katika ufuatiliaji, aniandikie kwa faragha, nitamletea mwenyewe popote alipo.