Kukausha chakula Dar: ninunue mashine ama jua linatosha?

Kijana wa Sinza:

Wakuu habari za jioni. Mi nimehamia hapa kutoka Nakuru, mwezi wa tatu sasa, chumba kimoja Sinza, kafriji kenyewe kakijaa maji ya kunywa na maziwa basi. Sukuma nikinunua leo kesho kutwa imeshakuwa njano kwa hili joto, nyanya nazo nikichukua nyingi kwa vile zimeshuka bei, nusu zinaniozea. Nimeona mashine ya kukaushia chakula, wanataka laki tatu na nusu. Kuna aliyejaribu, ama nitakuwa nimetupa pesa? Na LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, itanimaliza?

Mama wa Magomeni, zamani Mombasa:

Mdogo wangu karibu Dar na pole na joto. Usinunue kwanza. Mimi nilinunua mwaka wa kwanza kwa kiherehere, saa hizi imekaa juu ya kabati na ninaishusha masika tu, mwezi wa tatu mpaka wa tano, maana hapo ukianika nje unajitafutia ukungu.

Hesabu ya umeme iko hivi, yangu ni ya wati 500, ukiiwasha masaa kumi imekula uniti 5. LUKU ya elfu moja kwa tarifu ya kawaida inakupa uniti 2.8, kwa hiyo mzigo mmoja ni kama 1,800, na mzigo wenyewe ni trei tano, kilo tatu hivi za nyanya, ambazo zikishakauka hazifiki hata robo kilo kwa sababu nyanya karibu yote ni maji. Kama mwenye nyumba amekwambia mko tarifu 4 ile ya uniti 8.2 kwa elfu usifurahi mapema, ile ni ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi na nyie mita moja mnachangia vyumba vingapi?

Jua lipo la bure. Kukausha utakausha, kinachowashinda watu hapa ni kukiweka hicho kitu kikavu kwenye hewa ya Dar ambayo hata chumvi inalia maji kwenye kopo. Nakuru ukisahau kitu nje usiku asubuhi unakikuta vile vile, hapa unakikuta kimelainika kama hujafanya kitu. Mimi naanika saa tatu asubuhi, naingiza ndani kabla ya magharibi, hata kama bado, kesho naendelea. Nyanya naikata duara nyembamba, chumvi kidogo, siku mbili tatu za jua kali. Embe nalikata vipande vyembamba nalichovya kwenye maji ya ndimu lisiwe jeusi. Msimu wa kusi, mwezi wa sita mpaka wa tisa, ndio raha yenyewe, upepo upo na mvua hamna, ila embe sasa ndio zinakuja Novemba Desemba na vuli haijaisha, hapo lazima uwe unaangalia mawingu kama mvuvi.

Ikishakauka usikimbilie kufunga. Acha ipoe, tia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, tikisa kila siku kwa wiki moja, ukiona kioo kimetoa jasho ndani rudisha juani haraka. Mifuko ya plastiki sikushauri, panya wa Magomeni wanaijua.

Halafu kuna hili la kufunikia, naomba unisikie. Nzi ni wengi, kwa hiyo mwaka ule nilifunika maembe kwa chandarua kuukuu, nimejipongeza kabisa, mume wangu akarudi akaniuliza hivi hicho si kile chenye dawa ya mbu? Kilo sita zikaenda jalalani. Nunua kitambaa cha neti ya pazia, mita mbili zinatosha.

Na usikaushe kila kitu jamani. Mchicha Dar unauzwa mwaka mzima mlangoni kwako, unaukausha wa nini? Kausha kile ambacho bei yake inapanda na kushuka, nyanya, hoho, embe. Dhania pia, ila hapa ukiomba dhania watakuangalia tu, sema giligilani.

Shemeji wa Tabata:

Samahani naingilia, najua hapa ni kwa Wakenya wa Dar, mke wangu ndiye Mkenya mimi nasoma tu. Shem wa Magomeni umesema vizuri ila hapo kwa majani nakukatalia. Kwetu Shinyanga hatukuwahi kuwa na mashine na tumekula mboga kavu kiangazi chote. Nsansa ni majani ya kunde, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi vikaanikwa, matobolwa vinachemshwa kwanza. Mama hakuwa anakausha kwa sababu kunde ni ghali, alikausha kwa sababu Agosti hazipo kabisa.

Kijana, sukuma yako ichovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili, iopoe, itie maji baridi, kamua, halafu anika KIVULINI penye upepo. Jua la moja kwa moja linaichuja rangi na vitamini A inaondoka nayo. Ikikatika kama karatasi ukiishika ndio tayari. Kupika unailoweka kidogo, unaunga na karanga, hiyo sukuma utaisahau kama ilikuwa kavu.

Mkitumia mashine au oveni msipandishe moto mkidhani mnawahi, mboga na matunda 55 mpaka 60 inatosha, ukizidisha nje kunakuwa kugumu ndani bado maji yamejifungia. Nyama sio mchezo wa kuanza nao, na ukianza ipike iive kwanza.

Na ukungu ukiuona usikwangue ukala, hasa kwenye mahindi, karanga na makopa, vile vipande vikavu vya muhogo. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, sumu inayotoka kwenye ukungu, na unga wenye sumu hiyo ukiuangalia hauna tofauti na mwingine.

Mama wa Magomeni:

Haya shem, la kivuli nimekubali. Ndio maana kisamvu changu kilikuwa kinatoka rangi ya majani ya chai.

Kijana wa Sinza:

Dada, shem, asanteni sana, mashine nimeahirisha. Jumamosi naenda Ilala sokoni kuchukua nyanya na hiyo neti ya pazia. Swali la mwisho, hapa uani kuna paka watatu, nianike wapi?

Mama wa Magomeni:

Paka hawali nyanya. Siku ukianza dagaa ndio uje tuongee.