Mjane akiusia kibanja alichoachiwa na mumewe, wosia unasimama?

Mjukuu wa Muleba:
Ndugu zangu, naomba mawazo, ukoo wetu unapasuka. Mama yangu mdogo amefariki mwezi wa Tano huko kwetu Muleba, mkoani Kagera. Mumewe alitangulia 1998, akamwachia kibanja cha migomba na buni, nyumba ya udongo na watoto wanne, wa mwisho akiwa na miaka mitatu. Nyumba ile ya udongo haipo tena. Iliyopo leo ni ya matofali na bati, kaijenga mwenyewe kwa kuuza ndizi, lubisi (pombe ya ndizi), na senene kila msimu wake ukifika.
Miaka minne ya mwisho kiharusi kilimlaza. Aliyemwogesha, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko ni kitinda mimba wake, binti. Matanga yalipoanuliwa wosia ukasomwa: nyumba na kibanja ni vya huyo binti. Mama hakujua kusoma, kaweka dole gumba, na mashahidi ni wanne, wawili wa ukoo na wawili majirani. Baba wadogo wakasimama wakasema mjane ni mpitaji, na mpitaji haachi wosia. Kifungua mimba akawaunga mkono. (Ndiye huyo aliyekuja na jeneza la milioni mbili na nusu, wakati miaka yote minne mama alimwona mara moja.)
Swali langu ni moja: mjane ana haki ya kuusia alichoachiwa na mume?

Kitovu cha Kanyigo:
Hana. Na sisemi kwa chuki. Kibanja si shamba la mahindi, kibanja kina makaburi. Babu yangu na baba yake wamelala mgombani, na mimi nikifa nitalazwa hapohapo. Binti akiolewa Musoma, wanawe watakuwa watu wa Musoma. Siku wakitaka kuuza watajuaje kwamba chini ya mgomba ule kuna mtu wetu? Mama alikabidhiwa atunze, akatunza vizuri, Mungu amrehemu. Kutunza ni kitu kimoja na kumiliki ni kingine.

Mama Wawili:
Mpitaji gani anapalilia tangu 1998? Migomba ile ingebaki bila mikono yake? Mnyauko ulipoingia Kagera, mlikuwa wapi ninyi wenye makaburi? Nani aling'oa mashina yaliyougua akayachoma, akapanda upya? Makaburi yenu mnayakumbuka siku wosia unaposomwa.

Kifungua Mimba wa Dar:
Habari ya sheria nawaachia wanaoijua. Mimi nimekwama kwenye mabano. Mleta mada, mabano yale ulikuwa na haja gani nayo?
Mimi ni kifungua mimba, nimemzika mama yangu 2021, na nilimnunulia jeneza zuri. Kutoka Dar hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,400, mchana na usiku ndani ya basi. Likizo yangu ni siku 28 kwa mwaka, na mwaka ule mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Kila tarehe 25 hela ya dawa ilikuwa inaingia kwenye simu ya dada yangu, haikukosa mwezi hata mmoja. Halafu siku ya mazishi nasikia shangazi ananong'ona kwamba "huyu anazika kwa fedha". Mmewahi kulala macho mkisubiri simu ya usiku kutoka nyumbani? Hilo nalo lina kipimo chake?

Mama Wawili:
Pole kwa msiba, kaka. Lakini hela ya dawa haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Kifungua Mimba wa Dar:
Na mkono unaogeuza haununui dawa. Mgonjwa anahitaji vyote viwili, na ninyi mnahesabu kimoja.

Nesi wa Kijiji:
Nafanya kazi zahanati, naingia nyumba za wagonjwa kila wiki, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa ukali kidogo. Mtu wa kiharusi anageuzwa kila saa mbili, usiku pia. Ukipitiwa na usingizi usiku mmoja, mgongo unaanza kuchubuka. Ukipitiwa wiki, kidonda kinaona mfupa. Nimewaona mabinti wa miaka 27 wenye migongo ya bibi vizee. Hawaolewi, hawasomi, hawafanyi biashara. Ndugu wakipiga simu wanauliza, "Mama anaendeleaje?" Sijasikia anayeuliza, "Na wewe?" Mama anapomwachia huyo nyumba, hampi zawadi, anamrudishia miaka yake.

Kitovu cha Kanyigo:
Dada nesi, nakuheshimu, lakini kumlea mama si kibarua kwamba mwisho wa mwezi unadai ujira. Tukianza hivyo, kesho kila mtoto atashika daftari: leo nimemnywesha maji, nimemkata kucha. Mama yangu naye alilazwa na kiharusi na mke wangu ndiye aliyemwogesha mwaka mzima. Hakuandikiwa hata kuku.

Mama Wawili:
Na hilo unalitaja kwa fahari? Mkeo kamwogesha mama yako mwaka mzima bila kuandikiwa kuku, nawe ukitangulia ndugu zako watamwita mpitaji. Msomee ulichoandika hapa leo jioni, umwangalie usoni.

Kitovu cha Kanyigo:
Mke wangu usimtie mdomoni. Tunaishi kwa heshima kuliko unavyodhani.

Mkaazi wa Kisauni:
Shikamooni wakubwa. Kwetu Kenya, mume akifa bila wosia na ameacha watoto, sheria ya urithi inampa mjane vyombo vya nyumbani viwe vyake moja kwa moja, na nyumba na shamba anavishika kwa uhai wake: anakaa, anatumia. Baada yake ni vya watoto wote, wa kike na wa kiume. Hivyo hata kuusia hawezi, kwa kuwa si vyake vya kuusia. Sheria inayotumika kwa wote ni hiyo, Waislamu wanafuata yao kwa kadhi. Bara huko mnafuata ipi?

Binti wa Pangani:
Hilo ndilo swali la kwanza, kaka wa Kisauni, na hakuna aliyelijibu. Sisi Waislamu limekatwa: mjane mwenye watoto ana thumuni yake, sehemu moja ya nane, na ile thumuni ni mali yake kamili, haombi ruhusa ya shemeji. Ila wosia hauvuki theluthi, na mrithi haandikiwi wosia mpaka warithi wenzake waridhie. Kwa hiyo mama wa Kiislamu asingeweza kumwachia binti mmoja nyumba nzima hata kama ni yeye aliyemwogesha. Akitaka kumpa, ampe akiwa hai na mzima, na amkabidhi.

Wakudata:
Mnazunguka bure, lilishaamuliwa zamani. Kuna kesi ya bibi mmoja wa Bukoba, Jaji Nyalali aliamua kwamba mwanamke anauza na kurithi kama mwanamume na kwamba hata kazi ya nyumbani ni mchango. Kwisha habari.

Karani wa Zamani:
Nimekaa masjala ya mahakama zaidi ya miaka thelathini, niruhusuni. Kijana, umezitia kesi mbili chungu kimoja. Ya kazi za nyumbani kuwa mchango ni ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani, 1983, na kweli Jaji Mkuu Nyalali alikuwemo. Lakini ile ilihusu talaka. Wanandoa wote wawili walikuwa hai.
Ya Bukoba ni Ephrahim dhidi ya Pastory, na imetoka hukohuko Muleba kwa mleta mada. Mwanamke alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake, tena kwa wosia. Alipozeeka bila wa kumtunza akaiuza kwa mtu baki, shilingi 300,000, tarehe 24 Agosti 1988. Kesho yake, tarehe 25, mtoto wa kaka yake alikuwa yuko Mahakama ya Mwanzo Kashasha kufungua kesi. Akashinda hapo, akashindwa wilayani, na 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mila inayomzuia mwanamke kuuza pale mwanamume anaporuhusiwa inapingana na Katiba. Ila angalieni: yule alikuwa binti wa ukoo. Mjane hakuzaliwa katika ukoo wa mumewe, na hapo ndipo penye mwiba.
Sheria za mila zilizoandikwa 1963, Tangazo la Serikali namba 436, zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga mahakamani. 2006 Mahakama Kuu ikakiri kuwa zinabagua lakini ikakataa kuzifuta, 2010 rufaa yao ikatupwa kwa kasoro ya nyaraka. 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikawapa haki na kuitaka Tanzania ibadili sheria hizo.

Nesi wa Kijiji:
Mzee, shikamoo. Rudia hapo. Fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake?

Karani wa Zamani:
Marahaba, mama. Ndivyo ilivyoandikwa.

Nesi wa Kijiji:
Basi kwa mila hiyohiyo wanayoshika baba wadogo, fungu la marehemu alilipwa na mtoto mmoja kwa miaka minne. Waliobaki walikuwa na deni kwake. Unawezaje kuishika kanuni kwa upande unaokupa shamba, ukaiacha kwa upande unaokupa beseni?

Kifungua Mimba wa Dar:
Tumerudi kwangu. Mimi nilikuwa na deni? Hela ya dawa miaka yote ile ni nini?

Mama Wawili:
Jamani, kaka wa Dar, hakuna anayekusema wewe. Wewe si yule.

Kifungua Mimba wa Dar:
Mmetusema wote tulio mbali. Na jambo moja mnalikwepa: dole gumba la mtu mwenye kiharusi, ndani ya nyumba ya huyohuyo anayeachiwa mali. Nani alishika kalamu? Sisemi binti kaiba. Nasema ungekuwa ni mwana wa kiume anayeandikiwa, mngeuliza swali hilo dakika ya kwanza.

Binti wa Pangani:
Hapo ana hoja. Wosia uliandikwa lini, kabla ya kiharusi au baada?

Mjukuu wa Muleba:
Nimerudi, samahani, mtandao huku ni wa kupanda mti. Kwanza kwa kaka wa Dar: nisamehe kwa mabano yale. Niliandika nikiwa na hasira, nimetoka kumwona binti analala kwa jirani kwa sababu mlango umefungwa kufuli jipya. Sikujua nitakuchoma wewe.
Wosia umeandikwa mwaka wa pili wa ugonjwa. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, lakini mdomo ulikuwa mzima na akili ilikuwa nzima. Aliyeandika ni mwalimu mstaafu, mmoja wa wale majirani wawili, binti akiwa ametolewa nje. Mashahidi wa ukoo ni shemeji wa marehemu mwenyewe, na shangazi. Huyo shemeji leo anasema alidhani anasaini karatasi ya matibabu.

Karani wa Zamani:
Basi idadi ya mashahidi iko sawa: kwa asiyejua kusoma mila inataka wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Tena mila inaruhusu kumnyima urithi mtoto ambaye bila sababu ya haki hakumtunza mzazi katika njaa au ugonjwa. Ila sharti sababu itajwe, na anayenyimwa apate nafasi ya kujitetea. Hili la kunyimwa limetajwa ndani?

Mjukuu wa Muleba:
Hapana. Kasema tu "nampa aliyenibeba".

Karani wa Zamani:
Sasa niulize nililopaswa kuuliza mwanzo, na ninyi wote mngeuliza kabla ya jeneza. Baba alipofariki 1998, mirathi yake ilifunguliwa? Kikao cha ukoo kilikaa, muhtasari ukaandikwa, msimamizi akateuliwa na mahakama?

Kitovu cha Kanyigo:
Mzee wangu, vijijini nani anafungua mirathi? Ukoo unakaa, msika, yaani mrithi, anatajwa, watu wanarudi kupalilia.

Karani wa Zamani:
Ndiyo maana masjala zimejaa. Kama haikufunguliwa, kibanja kwa karatasi bado ni cha marehemu baba. Mama aliusia chake na kisicho chake katika mstari mmoja. Nyumba ya matofali, akithibitisha kaijenga kwa jasho lake baada ya 1998, ina mtetezi. Senene na lubisi havina risiti, lakini mafundi wapo, aliyemuuzia bati yupo, majirani wapo: waandikwe majina sasa, kabla hawajafa nao. Kibanja ni habari nyingine. Hapo kwanza ifunguliwe mirathi ya baba, na kwa kuwa mmechelewa mjiandae kueleza sababu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa kuwa ni mwanamke, hivyo mabinti wa marehemu wasikubali kuachwa nje. Na wasikae kikao cha ukoo bila mtu wa kuandika upande wao. Muhtasari ukishagongwa muhuri wa kijiji, kuung'oa ni kazi.

Mama Wawili:
Na lile kufuli?

Karani wa Zamani:
Kufuli hana haki nalo yeyote mpaka msimamizi ateuliwe. Binti alikuwa akiishi mle. Aende kwa mwenyekiti wa kitongoji leo, si kesho, akaandikishe kwamba ametolewa.

Mjukuu wa Muleba:
Nimempigia binti sasa hivi. Mirathi ya baba haikufunguliwa. Kikao ni Jumamosi, na baba mdogo ameshaleta daftari lake.

Nesi wa Kijiji:
Nenda naye. Usimwache aingie peke yake.

Kitovu cha Kanyigo:
Bado hamjanijibu kuhusu makaburi.

Kifungua Mimba wa Dar:
Dada wa Muleba, nimekusamehe. Ila jeneza lile sikununua kwa ajili ya macho ya watu. Mama aliwahi kuniambia alimzika baba ndani ya mkeka.